Viazi Alivyonifundisha Simaloi

Lesikar rafiki yangu, Simaloi anaolewa! Jumamosi! Na karani wa bomani!

Ameniambia sasa hivi, humu chumbani kwangu Levolosi. Mikono yangu bado ina masizi.

Unajua mwezi mzima alikuwa ananifundisha kupika viazi vitamu. Nivianike kwanza juani vipate utamu, nivifunike kwa jani la mgomba, nisizidishe maji. Mimi, mwanamume wa Kiarusha, nilikubali majirani wote wanicheke! Nilidhani ananiandaa niwe mumewe.

Leo nimempikia mwenyewe. Shairi la kumposa lilikuwa tayari kinywani.

Akaonja, akafumba macho. "Vimeiva sawasawa. Sasa naweza kuondoka."

"Kwenda wapi?"

"Baba ameshapokea ng'ombe, kaka yangu. Nilikufundisha ili usilale na njaa nikishaenda."

Kaka yangu! Lesikar, ameniita kaka!

Nilitaka kumwaga sufuria nzima nje. Akanishika mkono: "Acha hasira zako. Kula."

Nikala kimoja mbele yake. Kilikuwa kitamu kuliko vyote alivyowahi kunipikia.

Shairi sikulisema. Vilivyobaki nimevifunika kwa jani la mgomba, njoo uvile wewe.