Fungu Moja la Lengalenga, Kila Siku

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima na hofu ni kwa yule anayeandikiwa. Leo siwezi kuuandika uongo huo, kwa sababu nina jeraha lililoshonwa pajani, na moyo wangu bado ni ule ule mwendawazimu unaoujua. Lakini niko hai, nakaa kitako, kalamu naishika, na hasira zangu zote ninazo. Vipi wewe, mgongo umepoa? Zuhura ameacha kukohoa? Na mama mkwe, bado anakataa kuvaa miwani yake mbele ya wageni?

Kifurushi na barua yako nilivipokea kwa mkono wa nahodha wa boti ya chumvi. Matusi yako niliyasoma yote. Uliuliza ni daktari gani huyo wa Bujumbura anayemfundisha mume wako kudharau majani ya mlonge uliyoyachuma mwenyewe, ukayakausha kivulini na kuyatwanga hadi ukapata malengelenge. Acha nikueleze tena toka mwanzo, maana mambo yamegeuka na wewe ndiye uliyeshinda.

Ugonjwa wenyewe unaukumbuka. Sehemu ya juu ya moyo, badala ya kupiga, inatetemeka ovyo kama kuku aliyefungwa miguu. Damu inatuama humo, na ikituama inaganda, na donge moja tu likipanda kichwani nitabaki nusu mtu. Ndiyo maana nakunywa kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi. Kwenye chakula, daktari alinipa amri kama za jeshini. Ndizi mbivu asubuhi, maharage, mbegu za maboga, kwa kuwa humo mna madini ambayo moyo unayahitaji ili uende sawa. Vidonge vya magnesi ulivyoninunulia Kigoma alivikubali. Kahawa kali akaikataza. Chumvi akaikataza, na hasira akazikataza. Chumvi nimeweza. Mtu anashinda bandarini akipokea magunia ya chumvi ya Uvinza, kisha anarudi nyumbani kula dagaa walioloweshwa mpaka wakawa kama karatasi! Hata adui yangu angenihurumia.

Kazi kubwa ilikuwa majani. Majani mabichi yanairudishia damu uzito wake, kwa hiyo kidonge kinavuta huku, majani yanavuta kule. Daktari hakunikataza majani. Alitaka nile kiasi kilekile kila siku, fungu moja la lengalenga, huo mchicha wetu, bila kuzidisha wala kupunguza, naye akapima damu yangu akapanga kidonge kulingana na fungu hilo. Unga wako wa mlonge alisema una nguvu ya mafungu mengi, na nikiuongeza juu ya lengalenga utaua kazi ya dawa. Ndiyo sababu kopo lilikaa juu ya kabati. Haikuwa dharau, mke wangu.

Fungu langu nilikuwa nalinunua soko la Jabe kwa mwanamke wa Kamenge anayeitwa Konsolata. Alikuwa analipima kwa viganja viwili, analifunga kwa kamba ya mgomba na kuniwekea pembeni. Siku moja nilitaka kuongeza vijiti viwili, akanipiga kofi la mkononi. "Apana, Papa Zuhura! Dokteri alisema fungu moja. We unataka kufa mbele ya meza yangu?" Nilimpenda kwa ukali wake. Alinikumbusha mtu fulani wa Ujiji.

Kisha wanajeshi wakaingia Kamenge. Ilisemwa kwamba waasi wamejificha kule, na kwa ajili ya hao waasi mtaa mzima ukapigwa mizinga. Tulikuwa bandarini tukisikia, na kila mlio moyo wangu uliruka ukasahau kurudi. Watu wakatoka na magodoro vichwani, na wengi hawakutoka. Mto Ntahangwa ukawa unashusha maiti hadi ziwani, makuli wakakataa kunawa. Waasi nao wakashuka mlimani wakamimina risasi kwenye basi la watu waliokuwa wanakwenda kazini tu. Kamenge ni mtaa wa Wahutu, basi huku mjini vijana wa Kitutsi wakashika barabara wakitafuta Mhutu yeyote. Nimeona mtu akipigwa mawe mbele ya duka la mikate hadi viatu vikamtoka. Nilipiga kelele, jiwe lililofuata likanijia mimi, likavunja kioo nyuma yangu. Yule mtu alikufa akiwa na mkate kwapani. Laana ya Mungu iwashukie waliofanya hivyo, wa huku na wa kule, na sitafuta neno hilo.

Lengalenga likatoweka. Jabe kukabaki vitunguu na maharage makavu. Zahanati haikufikika kwa vizuizi, kwa hiyo nikaendelea na kidonge kama kawaida. Tena nikafurahi! Nilidhani sasa kidonge kimepata raha, hakina wa kushindana naye. Ufizi ukaanza kutoa damu, nikaulaumu mswaki. Nikagonga mkono mlangoni ukapata doa jeusi la ajabu, nikaulaumu mlango. Kumbe damu yangu ilikuwa imekuwa maji.

Barabara zilipotulia kidogo nilipita Jabe asubuhi, na nani nikamwona? Konsolata, amekonda, rozari shingoni, na mbele yake kitambaa chenye mafungu machache. Langu alikwisha kuliweka pembeni.

"Umekuja kufanya nini hapa?" nilimfokea. "Watakuua!"

"Na we utakula nini?" akanijibu. "Nimelala mu mashamba ya mihogo siku mingi. Bwana yangu sijamuona tangu mizinga. Kila asubui nawaza, fungu ya ule muzee nani anamupatia? Chukua, acha kupiga makelele."

Sikupata nafasi ya kulichukua. Guruneti lilitua upande wa wauza nyanya. Mlio wenyewe sikuusikia, niliona tu nyanya na watu vimekuwa kitu kimoja. Aliyelitupa hajulikani, na kila upande unautaja mwingine. Nilipoinuka kidogo, pembeni yangu alikuwepo mtu ambaye mkono wake umekatika kwenye kiwiko. Wakamfunga kwa shati, damu ikasimama. Mimi kipande kilikuwa kimeniingia pajani, tundu lake dogo kama ukucha, na damu ilikataa katakata kusimama. Ikaloanisha kanzu, ikajaza kiatu, ikaanza kutafuta njia yake vumbini. Konsolata alivua kitenge chake cha juu, akakisokota, akakibandika pajani na kupiga goti juu yake kwa uzito wake wote. Nililia kama mtoto.

Hapo ndipo wale vijana wa barabarani walipofika. Mbele yao alikuwepo mmoja mwenye nondo, na nondo yenyewe tayari ilikuwa na nywele za watu.

"Huyu mi namujua," akasema. "Ni wa Kamenge, anauzaka mboga. Simama!"

Konsolata hakusimama. Alijua akiondoa goti nimekwisha. Alifumba macho akawa anasema "Mana yanje, Mana yanje," akimwita Mungu wake kwa Kirundi, na goti likazidi kukandamiza.

"Mwache!" nikapiga kelele. "Ni muke yangu!"

"We Muislamu, muke yako anavaa rozari?"

"Nimemuoa juzi. Rozari ni mambo ya nyumba yangu, we inakuhusu nini? Mi niko mutu ya Ujiji, siko Mututsi, siko Muhutu. Mumemaliza kuuana, sasa munataka na wake zetu?"

Alinitazama, akatazama lile ziwa la damu chini yangu. "Muzee," akasema, "we unakufa."

"Basi niache nife na muke yangu!"

Daktari amenikataza hasira, lakini wallahi, Mama Zuhura, siku ile hasira ndiyo iliyonishikilia duniani. Yule kijana akasita. Akawaambia wenzake wanibebe mpaka zahanati, yeye akafuata nyuma na nondo yake, na njia nzima Konsolata alikwenda kinyumenyume akiwa amelikandamiza paja langu kwa mikono miwili. Sijui alipitaje juu ya maiti zile bila kuanguka.

Sasa sikiliza. Daktari wangu ni Mtutsi, na anajua fika kwamba mke wangu yuko Ujiji. Matusi yako nilimsomea mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani. Kijana akamuuliza mlangoni, "Dokteri, huyu kweli ni muke yake?" Daktari alinitazama mimi, akaitazama rozari, akaitazama nondo.

"Ndiyo," akasema. "Madamu, ingia, umushike muguu. Na we, baki inje na chuma yako, hapa ni kwa wagonjwa."

Alinishona na kunifunga kwa nguvu. Sindano ya kuirudishia damu uzito wake haikuwepo. Akasimamisha kidonge na kuniambia sasa nile majani, mengi. Fungu langu lilikuwa limebaki Jabe ndani ya damu za watu. Akafikiri, kisha akainama sikioni kwangu: "Ule unga ya muke wa Ujiji uko wapi?" Nikamwambia uko juu ya kabati. "Kula. Na huyu muke mupya, umwandikie ule wa kwanza wewe mwenyewe. Mimi simo."

Basi tangu siku hiyo Konsolata yuko nyumbani kwetu. Analala chumba cha Zuhura. Anavaa baibui lako uliloliacha sandukuni mliporudi Ujiji, rozari ameishona ndani ya pindo. Majirani, kwa kumficha, wanamwita Mama Zuhura, naye anaitika. Anapika ndizi na maharage, anakoroga mlonge wako kwenye uji na kusimama juu yangu mpaka nimalize. Siku za kwanza jeraha lilivuja kwenye nyuzi, tukabadilisha vitambaa mpaka tukaanza kuchana shuka. Halafu likakauka. Daktari alipima damu, akanirudishia kidonge, akasema badala ya lengalenga nitumie kijiko kimoja cha unga wako kila siku, kilichosawazishwa juu kwa kisu, kwa kuwa kopo halisimamishwi na vizuizi. Umeshinda, mke wangu. Nitumie unga, majani yakaushwe na kutwangwa vile vile.

Lakini yule mwenye nondo anapita mlangoni kila siku. Ananiamkia kwa adabu, anachungulia ndani. Alhamisi alisema, "Muke yako hajambo? Tutakuja kumusalimia." Nilimrushia kikombe. Kilimkosa, akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniamulia.

Uliniandikia nije nyumbani, ukamlilia nahodha mpaka akakubali. Mimi nami nililia kwa wakubwa wa bandari, wakanipa kibali cha kuondoka, cha mtu mmoja. Ijumaa nilirudi kwao nikasema mke wangu ni mgonjwa kuliko mimi, atangulie yeye. Wakaandika upya. Kibali kina jina lako.

Boti inaondoka kesho asubuhi. Najua utakuwa umesimama bandarini Kigoma unanisubiri mimi, pengine umemvalisha Zuhura gauni jipya. Atashuka mwanamke amevaa baibui lako, ana barua hii mkononi. Usimuulize nilipo, ataanza kulia. Kama unayasoma maneno haya, basi amepita kwa wanajeshi wa geti la bandari ya huku, na hilo ndilo ninaloliomba katika kila sala. Na usinune. Ndoa ile ilifungishwa na mtu mwenye nondo, bila mahari wala shahidi, ikivuka ziwa imevunjika. Mpeleke nyumbani, na ukifika umwite Konsolata, kwa sauti, watu wasikie. Kuna siku nyingi hajaitwa hivyo.

Mimi naogopa. Nilitaka sana niwe mimi ninayeshuka. Mkononi nina kopo nusu, na nitaomba kibali kingine, wakinipa. Kila asubuhi nikisawazisha kile kijiko nitajua kwamba wewe ndiye uliyeyatwanga yale majani, na moyo utatulia kwa muda huo angalau.

Nisalimie mama mkwe, mwambie miwani inampendeza. Nisalimie shemeji yangu anayeuza mawese, na yule dada yako mkunga aliyemtoa Zuhura. Zuhura mwambie baba ameamriwa kunywa uji kama yeye, na analazimishwa kama yeye.

Ni mimi mumeo, mwenye mke mmoja,
Baba Zuhura

Nimekumbuka jambo. Konsolata amekula chakula changu tangu siku ile, sahani moja na mimi, na hajanung'unika hata mara moja. Usiku huo akifika, mpikie maharage uyatie chumvi ya kutosha.