Kiwelisi cha Eda

Ibra

Mwanangu Saud,

Salamu zikufikie huko Welisi, wewe, mkeo na Balqis wangu. Tende zimeshavunwa, jirani yetu Mabruka katuletea kapu zima. Mimi bado nimo edani, sitoki.

Nasoma vile vitenzi vya Kiwelisi alivyojifunza marehemu baba yako apate kuzungumza na mjukuu wake. Yeye akianza, *dw i'n dod*, nakuja. Mimi nikimjibu, *rwyt ti'n dod*, unakuja. Sasa nasema pande zote mbili.

Jana wanawake waliokuja kunipa pole walidhani navuta uradi. Nilipofika *mae o'n dod*, anakuja, wakaitikia amin. Nami nikaitikia.

Usimlete Balqis bado. Ataniuliza babu yuko wapi, na hilo sijaweza kulisema kwa lugha yoyote.

Mamako,
Kuruthum