Jembe Ulilompelekea Bwana Darubini

Kwa Elieza Mahinyila, mchimba visima wa reli, Dodoma. Novemba 1913.

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipouliza kama gari moshi limefika, ukageukia ukutani, na hukuuliza tena. Tunakuandikia tukiwa nyumbani, huku nyuma ya stesheni. Kalamu ameishika mwanao Anyesi, yule uliyekuwa ukimwita Mama Maswali, kana kwamba maswali hayo aliyaokota njiani.

Maana mwenye maswali ulikuwa wewe. Reli ilipofika Dodoma wengine walikimbia moshi, wewe ukausogelea. Ulitaka kujua lile dude linakunywa maji kiasi gani. Ukakaa chini ya tangi ukahesabu ndoo mpaka ukafukuzwa, ukarudi kutuambia kwamba linakunywa kuliko ng'ombe mia wa kiangazi, na maziwa halitoi.

Maji ya kiangazi hapa kwetu yako chini ya mchanga wa korongo, na wewe ulijua yamelala wapi. Ulitembea peku alfajiri, ukasimama, ukachimbua kidogo kwa kidole cha mguu, ukachukua mchanga ukauonja. "Hapa," unasema, na kweli yakawa hapo. Tulikuuliza mchanga wenye maji una ladha gani, ukajibu, "Una ladha ya mchanga." Mpaka leo hatujui ulikuwa ukionja nini. Mwanao Gideoni amejaribu mara nyingi, anaishia kutema.

Kila ulipowafungulia reli kisima, ulifungua na kingine kidogo pembeni kwa ajili ya mbuzi wa watu. Mnyapara alipokuuliza, ukamwambia hicho kidogo ni cha kupumulia kile kikubwa. Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

Lililokukaa moyoni ni la Baba Mdogo Seth. Mwezi wa saba mwaka jana alishuka kwenye shimo lililomzidi kimo mara mbili, kuta za mchanga zikamwangukia. Mlichimba kwa mikono na makarai kuanzia asubuhi hadi jua la alasiri. Mama ndiye aliyemtoa mchanga masikioni kabla ya kumzika. Na stoo ya reli, hatua mia mbili kutoka hapo, ilikuwa imejaa mbao za kuzuia kuta.

Ila mbao zilikuwa za mafundi. Ninyi wachimbaji saba mliandikwa vibarua. Kibarua ana kipande chake, kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi, ana jembe na karai, basi. Akidai zaidi anaambiwa ana mdomo. Akitoroka ni hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya wenzake. Baada ya matanga mnyapara alikuja akasema Gideoni ajaze nafasi ya Seth. Siku ile ile Mama alimpeleka Gideoni kwa mjomba huko Kibakwe, akarudi akasema, "Mwanangu hashuki kwenye shimo lisilo na mbao. Waje wanichape mimi."

Basi ukataka kitu kimoja kabla ya vyote: ninyi sita mliobaki mwandikwe mafundi, ili mpewe mbao. Wenzako walitaka muende wote siku hiyo kwa mkubwa wa maji, yule tuliyemwita Bwana Darubini kwa sababu ya chombo chake cha miguu mitatu alichokuwa akichungulia tangu kuche. Ukawakatalia. Ulisema neno zito haliombwi na mdomo wa mwenye shida.

Kwetu Ugogo anayetaka kuoa hajipeleki. Anampeleka mshenga, na mshenga anakwenda na jembe. Mwenye nyumba akilipokea, mazungumzo yamefunguliwa, na hawezi tena kusema hakusikia. Anayeposa naye anajificha, maana ni aibu wakwe kumwona kabla jibu halijatoka. Wewe ukaona reli nayo ni nyumba ya watu, ina mlango na ina mwenyewe. Ukanunua jembe jipya dukani. Ukamchagua Athuman, mtani wako wa Kondoa, kwa sababu anajua kusema na hana haya hata kidogo. Hayo ni maneno yako, asinikasirikie mimi.

Athuman anasimulia kila tukimkaribisha uji. Aliingia ofisini, akaamkia, akaliweka jembe mezani. "Bwana, watu wa kisima wanakusalimu. Hili ni jembe lao." Bwana Darubini akalishika, akapitisha kidole kwenye makali, akasema, "Vema." Athuman akaja huku mbio. "Amelipokea! Tena kwa mikono miwili!" Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa. Kuanzia jioni ile ninyi sita hamkuonekana tena stesheni. Wewe hata barabara ya reli hukuikanyaga. Mama ndiye aliyekuwa akikununulia tumbaku.

Kumbe Bwana alikuwa na hesabu nyingine. Jembe lile lilifanana na majembe ya reli, hivyo alidhani mnarudisha kifaa cha kazi. Akampa mtu wa stoo, akalitundika pamoja na mengine. Kesho yake wachimbaji hawapo. Akajiambia, wamerudisha jembe wametoroka. Siku ya pili gari moshi lilifika kutoka Morogoro likakuta tangi kavu, likasimama hapo linatoa mvuke kama mtu anayesonya. Askari wakaambiwa wakae tayari kuwasaka.

Siku ya tatu Athuman akaoga, akavaa kanzu, akaenda kuchukua jibu.

"Watu wangu wako wapi?" Bwana alifoka.

"Wako majumbani kwao, Bwana. Wanaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kuonana nawe kabla hujajibu."

"Nijibu nini?"

"Jembe."

Athuman anasema Bwana alivuta kiti, akakaa, akamwamuru aeleze kuanzia mwanzo. Athuman akaeleza yote, mshenga, wakwe na kujificha. Bwana akauliza, "Na hapa anayeposwa ni nani?"

"Mbao, Bwana."

Sasa Baba, hapa ndipo tunapobishana kila tukikutana. Je, ulijua? Mama anasema ulijua kila kitu: wewe uliyehesabu ndoo ungekosaje kujua kwamba tangi litakauka siku ya pili? Athuman anaapa kwamba ulifuata desturi tu, na kwamba siku ile ya pili, uliposikia gari limekwama, uliruka ukamwaga tumbaku. Gideoni anasema yote mawili ni kweli. Mimi nilikuuliza ungali hai. Ulicheka ukaniambia nikaangalie mlenda usiungue. Sikuangalia mlenda, nilikuangalia wewe, na bado sijui.

Tunalojua ni kwamba Bwana aliwarudisha askari, akaja mwenyewe korongoni, nanyi mkatoka majumbani kumlaki. Tulikuwa ukingoni, wanawake na watoto, tukasikia yote.

"Mbukwa, Bwana," ulimwamkia kwa Kigogo. "Nifundishe jambo moja. Kibarua ni nani, na fundi ni nani?"

"Fundi ana ujuzi. Kibarua anachimba tu."

"Basi tafadhali, Bwana, shuka uchimbe tu. Ukitupatia maji, sisi ni vibarua, na hatutasema tena."

Mama alinishika mkono akaufinya. Tulidhani utachapwa hapo hapo. Bwana akavua koti, akaingia kwenye shimo lililokuwa limeanzwa, akachimba. Alichimba vizuri, tusimsingizie. Shimo lilipomfika kifuani mchanga ulianza kuteremka nyuma ya shingo yake, kidogo kidogo, bila sauti.

"Bwana," ulimwambia taratibu, "usikohoe. Usigeuke. Nipe mkono."

Ulimvuta, na ukuta ukaanguka pale alipokuwa amesimama. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote. Kisha akasema hana mamlaka ya kubadili daraja la mtu, lazima aandike Dar es Salaam, na jibu litakuja kwa gari moshi. Ukamuuliza, "Na kabla ya jibu?" Mkakubaliana hapo hapo: asishuke mtu kupita mabega yake, mtachimba visima vifupi vingi badala ya virefu vichache, na hachapwi mtu kwa siku zile tatu. Ukampa mkono mara ya pili.

Tangu siku hiyo kila gari lilipopiga honi uliacha ulichokuwa unafanya. Ulikwenda kusimama mbali kidogo, mikono nyuma, ukitazama kinachoshushwa. Chumvi. Nguo. Mabati. Wiki tano. Ulirudi ukala ugali wako wa uwele, ukatuuliza habari za nyumbani kama mtu ambaye hangoji kitu. Ndipo homa ikakushika, ukawa unatutuma sisi. "Gari limekuja na nini?" Tulikujibu ukweli kila mara, na siku ya mwisho nilitamani ningekudanganya. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Ulikwenda bila kujua.

Sasa sikiliza.

Siku ya tisa baada ya kukuzika gari lilikuja na mbao. Mbao ndefu, nzito, bado zinanuka utomvu, behewa zima. Na barua. Bwana Darubini aliwaita watu akaisoma mbele ya stesheni. Wachimbaji sita wa Dodoma waandikwe mafundi wa visima. Shimo lolote linalopita mabega ya mtu liwekwe mbao, na juu pawe na mtu wa kamba. Anayekataa kushuka pasipo mbao asichapwe. Halafu akasoma majina, na la kwanza lilikuwa lako. Aliliita kwa sauti, akavua kofia, ndipo akaendelea na la pili.

Si yote yaliyopatikana. Mliomba mapumziko ya adhuhuri, wakajibu kwamba jua haliko chini ya reli. Mliomba nyumba, bado mnalala, yaani wanalala, kwenye vibanda vya majani. Jembe lenu nalo limebaki stoo. Athuman hulidai kila mwezi na kila mwezi huambiwa ni mali ya reli.

Na Mama alimtuma mtu Kibakwe kumrudisha Gideoni. Lakini hakumruhusu kushuka hivi hivi, Baba. Barua alikuwa amesomewa mara tatu, bado akasema barua haizuii mchanga. Alikwenda korongoni na nguo zake za msiba, akafika kwenye kisima kirefu kuliko vyote. Wanaume wakamwambia mwanamke hashuki. Akawaambia wamfunge kamba vizuri kama wanampenda. Alishuka peke yake. Tulimsikia huko chini akizigonga mbao kwa ngumi, moja baada ya nyingine, akinyamaza, akigonga tena. Alikaa sana. Athuman, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili na machozi yanamtoka. Mama alipopandishwa miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Akaifungua kamba kiunoni mwake, akamfunga Gideoni, akakaza fundo.

"Haya," alisema. "Shuka, mwanangu."

Wanaokukumbuka ni mkeo Zipora. Wanao Gideoni, fundi wa visima, na Anyesi. Shemeji yako Ruthu, mjane wa Seth, na watoto wake. Mtani wako Athuman. Na wachimbaji wote wa Dodoma, ambao mwaka huu wameshuka na kupanda, wote. Hatutakusahau, Baba, maadamu tupo.