Vitawi Ndani ya Mkoba wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo mume wangu analicheka tu. Mimi ni mshona mapazia, na nilipofanyiwa upasuaji mama mkwe alihamia kwetu, akaniogesha, akanilisha, akawalea mapacha wangu bila kunung'unika hata siku moja, kwa hiyo nilipopata nguvu nikampeleka kula chakula cha mchana Jumapili kwenye mgahawa ulio ndani ya bustani ya kuuza miche, tukala samaki taratibu, tukaagiza chai mara ya pili, akacheka mpaka akajifuta machozi, nami nikajiona nimebarikiwa, halafu tulipokuwa tunaangalia miche nikamwona anavunja vitawi, kimoja hapa kimoja pale, anavifunga kwenye tishu yenye maji na kuvitia mkobani, huku mwenye bustani akitutabasamia. Nilimuaga mwenye bustani, tukaondoka. Nyumbani nilipomuuliza kimzaha, alisema, "Mwanangu, tangu lini mtu akanunua ua? Unavunja kwa jirani, naye anakuja kuvunja kwako." Kitawi kimoja amenipandia kwenye kopo dirishani pangu, kimeshachipua, na sasa anataka turudi Jumapili hii. Nikisema nitamvunja moyo mtu aliyeniuguza, nikinyamaza nakuwa mshirika wake. Nifanyeje?

Mshona Mapazia

Mshona Mapazia, pole kwa upasuaji, na hongera kwa mkwe. Wengi huniandikia kuhusu wakwe zao, wachache huwasifu. Lakini usijifiche nyuma ya wema wake. Mwenye bustani anaishi kwa miche ile, na wewe uliona kwa macho yako. Mkweo hana tabia ya wizi. Amechukulia duka kuwa uzio wa jirani. Hilo linarekebishika. Kitakachomwaibisha ni kimya chako, siku mhudumu atakapoufungua mkoba ule mbele ya watu.

Zungumza naye kabla ya Jumapili, jikoni, mkiwa wawili. Mumeo na vicheko vyake abaki sebuleni. Usimhubirie. Mwambie, "Mama, yule bwana hajawahi kuja kuvunja kwako." Ataelewa. Achague mche mzuri katika makopo yake mwenyewe, ampelekee mwenye bustani, amweleze alichochukua. Akitaja bei, lipa bila kubishana. Kisha kaeni mle polepole kama mara ile.

Jambo moja bado. Umenieleza mimi alivyokuogesha na kukulisha. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia yeye ahsante, sijapaona. Anza na hilo, kabla hujautaja mkoba.