Dakika Kumi na Moja za Jikoni

Bula Pesa, Isiolo
11 Julai 2022

Mpendwa dada Alice,

Habari za Lodwar, na habari za joto lenu ambalo halijawahi kumwomba mtu ruhusa. Shemeji Ekeno anaendeleaje na mgongo wake? Na wewe mwenyewe, wamekupunguzia zamu pale wodini au bado wanakutumia kama punda kwa sababu hujui kukataa? Mimi nina uzima wa kutosha kulalamika, na unajua kwangu hiyo ndiyo dalili ya afya. Wifi yako Joy pia yuko salama, ila amekuwa mkimya kidogo, na sababu yake utaijua kabla hujamaliza barua hii.

Mvua ya Aprili ilitupita. Soko la Oldonyiro bado linafunguliwa, lakini mbuzi wanafika wamebebwa, na wanunuzi wanawatazama kama watu waliokuja kutoa pole. Wakubwa wa gatuzi walipita na magari saba kuona ukame. Niliwaandikia kwamba ukame unaonekana hata kutoka kwenye gari moja. Hawakujibu. Najua utasema, Ekitela, kalamu hiyo itakuponza. Imekwisha kuniponza, dada, ingawa si kwa njia uliyoiogopa.

Ungependa nikupigie simu. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe una haraka ya kuuliza na mimi nina haraka ya kujibu, na tangu Januari haraka hiyo imenifanya mwongo. Karatasi hainikati kauli. Nimempa mke wa pasta aibebe mwenyewe hadi mkononi mwako.

Ni juu ya wimbo wa baba.

Unakumbuka mwaka jana, koo lake lilipoanza kukwaruza na madaktari wakatuambia ugonjwa ulikofikia, wewe ndiye uliyesema tumrekodi kabla sauti haijaisha. Ulisema hivi: ng'ombe wamekufa, maksai wake wa mabaka alikufa, kilichobaki cha maisha yake yote ya ujana ni ule wimbo aliomtungia maksai huyo, na hakuna mwingine anayeuimba kwa sababu si wake. Ulitaka kuurekodi kwa simu yako siku ileile. Ni mimi niliyekuzuia. Nilikuambia baba si kichekesho cha kusambaziwa watu kwenye simu, kwamba watu wetu wamerekodiwa vibaya tangu wazungu waje na masanduku yao, na kwamba safari hii mwana wa Lokuruka atafanya kazi ya heshima. Ukaniachia. Ulikuwa na basi la kuwahi.

Basi nikaanza kutafuta kile kisanduku. Vijana wa studio wanakiita intafesi. Ni kidude cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa: maikrofoni inaingia upande huu, waya wa kompyuta upande ule, na sauti inapita katikati ikiwa safi. Nilitaka kinachobebeka, kinachokula umeme wa kompyuta peke yake, ili hata tukimpeleka Kipsing kwa watu wa rika lake kusiko na stima kifanye kazi. Nilitaka chenye matundu mawili ya maikrofoni, moja la baba na moja la wanaomwitikia. Nilitaka kinachotoa volti arobaini na nane, maana maikrofoni nzuri hazili chini ya hapo. Kila jioni baada ya shule nilisoma maoni ya watu wasionijua. Kimoja kilisifiwa na mia mbili na kutukanwa na tisa, nami nikawaamini wale tisa. Kingine kilinguruma. Kingine kilichelewesha sauti, kwamba mtu anaimba sasa na wewe unamsikia kwenye hedifoni baada ya nukta kupita, na jambo hilo liliniudhi kuliko yote. Niliapa kwamba sitamsikia baba yangu kwa kuchelewa. Nilitaka kisanduku chenye swichi ya kumsikiliza mwimbaji moja kwa moja, kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Ishike swichi hiyo akilini.

Sadiya, yule mama wa duka la spika karibu na msikiti, alikuwa nacho kimoja chenye tundu moja. Aliniambia mwalimu, hiki kinashika hata kikohozi. Nikamjibu kikohozi ninacho cha kutosha nyumbani. Nilirudi kwake mara tano kubishana, na mara ya tano akauliza mbele ya wateja kama nimekuja kununua kisanduku au kukiposa, kwa sababu hata mahari isingechukua muda huu. Watu walicheka. Akaongeza, bila kucheka, kwamba mzee atamaliza kuimba kabla sijamaliza kusoma. Nikaenda zangu nikiwa na hasira naye kwa wiki nzima.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Mwezi wa kumi alikuja kijana mmoja wa ofisi ya utamaduni, anaitwa Waqo, Mborana mpole, na kinasa sauti kinachoenea kwenye kiganja. Alikuwa amesikia habari za baba kutoka kwa wazee wa soko. Baba alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu mama afe. Alioga, akavaa ile kofia yake yenye nyoya la mbuni, akakaa uani akimsubiri. Siku hiyo alikuwa na sauti, dada. Asubuhi alimwita Joy kutoka ng'ambo ya barabara na Joy akasikia.

Mimi nilimkuta Waqo langoni. Nilimuuliza nyimbo zinazochukuliwa hukaa wapi, nani huzisikia zaidi ya wageni rasmi, na kama jina la mwenye wimbo huandikwa popote. Alijibu vizuri. Alisema atamwachia mzee nakala kwenye kadi, leoleo, kabla ya kunywa chai. Nikamwambia alete barua yenye muhuri inayosema hivyo. Akasema barua itachukua wiki mbili, na je, mzee ana wiki mbili? Nikamwambia asinifundishe habari za baba yangu. Nilimtolea hotuba ya nusu saa, na naomba uamini kwamba ilikuwa hotuba nzuri. Akaondoka akiniaga kwa adabu.

Baba aliniuliza mbona kijana ameenda bila kusikia. Nikamwambia nyimbo za watu hupelekwa Nairobi na hazirudi. Akasema yeye mwenyewe alishaenda Nairobi na akarudi. Kisha akavua kofia.

Kisanduku changu kilifika Januari. Hicho ndicho nilichokutumia picha yake, nawe ukajibu kwamba ni kidogo kama kiberiti. Kilikuwa na kila nilichokitaka. Nilikijaribu mezani siku hiyo, kompyuta ikiwa pembeni yangu: nikahesabu moja hadi kumi kwenye maikrofoni, nikarudisha, nikajisikia. Nikaridhika. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ndogo ya maelezo. Nilikuwa nimesoma miezi minne, nikaona karatasi hiyo ni ya wanaoanza.

Jumamosi nilimkalisha baba chumbani kwetu na kutundika mablanketi ukutani. Kompyuta ilikuwa inavuma, kwa hiyo nikaipeleka jikoni, nikapitisha waya chini ya mlango, na kisanduku kikabaki chumbani miguuni pangu. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi kulekule jikoni, nikaona mistari ya sauti inacheza kwenye kioo, nikamwambia Joy asiiguse. Nikafunga mlango na kuvaa hedifoni.

Nilimwambia baba akae sawa, asiinue mikono, asije akaigonga maikrofoni. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aimbe bila mdomo. Akaniuliza, kwa ile sauti yake iliyokwisha kuchakaa, pembe zitakuwa wapi. Nikasogeza maikrofoni. Akainua mikono juu, mmoja ameukunja kama pembe ile ya maksai wake iliyoinamishwa, akaimba.

Aliimba wote. Mara mbili alisimama kutafuta pumzi, na mara zote mbili akaipata. Mimi nilimsikia ndani ya kichwa changu, bila kuchelewa hata kidogo, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu nami maishani. Nilisikia ulimi ukigusa jino. Nilisikia anavyovuta hewa kabla ya kulitaja jina la maksai. Nililia, na katikati ya machozi nilikuwa nikijipongeza. Nilikuwa nawaza Sadiya angesikia hii. Waqo angesikia hii.

Alipomaliza nilifungua mlango, nikaenda jikoni nikazima.

Nilirudisha nisikilize kesho yake, tulipotoka kanisani. Dada, kompyuta ina maikrofoni yake ndogo juu ya kioo. Ukitaka isikilize kisanduku, lazima uiambie, na karatasi ile ndogo ilisema hivyo mstari wa kwanza. Sikuiambia. Siku ya majaribio nilikuwa nimekaa karibu nayo, kwa hiyo ilinisikia kwa sikio lake lenyewe nami nikadhani ni kisanduku. Jumamosi ilisikiliza jikoni. Baba aliingia kwenye maikrofoni yangu nzuri, akapita kwenye ile swichi niliyoitafuta miezi yote hiyo, akafika masikioni mwangu, akaishia hapo.

Hakuna rekodi, Alice. Haijawahi kuwapo. Zile mara zote nilizokuambia kwamba ninasafisha sauti, kwamba kuna mngurumo kidogo wa kuondoa, kwamba uvumilie, nilikuwa nadanganya.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna lililo baya zaidi. Joy analijua, na ndiyo maana amenyamaza. Jumapili hiyohiyo baba aliomba ajisikie. Nikamwambia mashine inahitaji muda. Sauti yake ya kuimba ilikuwa imekwisha kwa wimbo ule, lakini kwa wiki mbili bado aliweza kunong'ona. Ningemwambia ukweli angecheka, unamjua, halafu angeninong'onezea maneno, mstari kwa mstari, nami ningeyaandika kwa penseli. Joy alinisihi nimwambie. Alisema atamwambia yeye. Nikamkataza, kwa sababu mtu aliyemfukuza Waqo langoni angewezaje kukiri hivyo? Wiki mbili zikapita, na kunong'ona kukaisha. Baada ya hapo kila nilipoingia baba aliweka kiganja sikioni, akainua nyusi, kuuliza kama iko tayari. Nami kila siku nilitikisa kichwa na kumwonyesha kwa vidole kwamba bado kidogo. Alifanya hivyo hadi Jumanne ile ya mwisho. Alhamisi ndiyo uliyopigiwa simu.

Mimi ndiye mtu pekee niliyeusikia wimbo ule mzima mara ya mwisho, na sina ninachoweza kukupa. Nilikwenda shule ya bweni nikiwa na miaka saba. Kiturkana cha zamani cha wafugaji kinanipita. Nakumbuka pumzi zake zote. Maneno nakumbuka mistari miwili, na mmoja sina hakika nao. Nilikaa siku nyingi na penseli. Nilikwenda Kipsing kuwauliza watu wa rika lake, wakasema wanajua kuitikia tu, mwenye wimbo ndiye alikuwa anajua wimbo. Mmoja aliniuliza kwani mashine yangu haikufanya kazi. Nikamwambia ilifanya.

Kwa hiyo mwezi ujao, tutakaposimamisha msalaba kaburini, usilete ile spika ya kanisa. Wazee watakuja kutoka Kipsing wakiamini watamwitikia kwa mara ya mwisho, kwa kuwa niliwaahidi hivyo siku ya mazishi, kwa sauti kubwa, kama nisemavyo kila kitu. Nitasimama mimi niwaambie. Najua baadhi yao watatoka uwanjani bila kula. Hutalazimika kukaa upande wangu.

Ndani ya bahasha kuna kadi. Sikutaka kuituma, Joy ndiye aliyesema ni yako pia. Ni dakika kumi na moja za jikoni. Usiipige mbele ya watu, na usitafute wimbo kwa kuongeza sauti, nimeshafanya hivyo hadi spika ikapasuka. Mlango ulikuwa mzito na mablanketi yalikuwa mazuri. Karibu na mwisho mlango unafunguka, kisha kwa mbali baba anauliza, kwa Kiturkana, kama imeshika. Ni neno moja tu. Halafu inakuja sauti yangu, karibu, safi, kubwa kuliko kitu kingine chochote humo, ikimjibu kwamba imeshika yote.

Nisalimie shemeji, mwambie asiinue mitungi. Watoto wape mkono wangu, na ukiona inafaa usiwaambie. Joy anakusalimu sana. Yeye utamsikia vizuri, tangu mwanzo, akipepeta maharagwe.

Mdogo wako,
Ekitela Lokuruka