Msimu Usio na Bingwa

Jumamosi, mwezi wa Juni. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Kipupwe kimeingia Tabora kwa ukali mwaka huu. Mabati ya jirani yanagongana, nami siwezi kutulia mahali pamoja. Nimefagia ua, nikafagia tena palepale. Bibi amenitazama akasema, "Mke mwenzangu, hata ardhi huchoka."

Niandike kwanza sababu.

Mwezi ujao tunahama. Baba ni seremala hapa Mtendeni, na ameitwa kwenda kutengeneza madawati na milango katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Usinge. Tunakwenda nyumba nzima. Sipingi. Shuleni niliandika insha juu ya kujitegemea, na niliamini kila neno. Lakini kule hakuna sekondari, nami niko kidato cha pili, nasoma nikitokea nyumbani. Nikipata nafasi ya bweni, nitabaki. Nisipoipata, masomo yangu yameishia hapa. Baba alipomwomba Mwalimu Mkuu, alijibiwa, "Tutaona." Tangu siku ile kimya.

Kwa hiyo nilijitafutia ishara, nikaipata kwenye raga.

Naona aibu kidogo kuiandika. Mwalimu Hilda, anayetufundisha Kiingereza, ana kaka anayecheza raga katika klabu moja kubwa ya kwao Uingereza. Kaka huyo humtumia magazeti. Yanakuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, halafu kwa treni, na yakifika huku habari zake zimeshapoa. Jumamosi baada ya usafi, Mwalimu hunipa niyasome kwa sauti barazani kwake ili ulimi uzoee. Mwanzoni sikuelewa kitu. Mpira mrefu kama papai, unakimbia nao mbele, lakini ukitaka kumrushia mwenzako lazima urushe nyuma. Nilimsimulia Bibi jinsi wanavyoinama na kusukumana kwa mabega.

"Hao ni ng'ombe mlangoni mwa zizi," alisema. "Wanalipwa?"

"Hawalipwi, Bibi."

"Basi kwao hakuna kuni za kuokota."

Polepole nikaipenda. Karakanani kwa Baba kulikuwa na ubao mpana wa mninga umeegemezwa ukutani, nikawa naandika juu yake kwa chaki kila klabu na pointi zake, mbili kwa kushinda, moja kwa sare, kama tunavyofanya kwa kandanda. Klabu ya kaka wa Mwalimu ilianza vibaya. Ilifungwa kwao, ikafungwa ugenini, kisha ikaamka. Nikajiambia moyoni: wakiwa mabingwa, nami nitapata bweni. Kila Jumamosi nilitafuta kwanza jina la klabu ile gazetini, ingawa nilijua mechi zenyewe zilikwisha zamani na matope yao yameshakauka.

Leo nimesoma gazeti la mwisho wa msimu. Walishinda. Kaka mwenyewe alifunga pembeni kabisa mwa uwanja, watu watatu wamemning'inia. Kwenye ubao wangu wako juu ya wote.

"Kwa hiyo ndio mabingwa, Mwalimu?"

"Mabingwa wa nini?"

"Wa ligi."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna ligi, Zuhura. Klabu zinaalikana tu. Wanacheza, wanakula pamoja, wanarudi makwao. Msimu ukiisha kila mtu anaanika viatu vyake."

"Nani basi anatangaza wa kwanza?"

"Hakuna. Magazeti huhesabuhesabu kwa kujifurahisha."

Msimu mzima nimengoja tangazo lisilo na mtangazaji.

Nimerudi nikipitia Kanyenye, nikasahau chumvi niliyotumwa. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Wale wanaume walijitupa matopeni miezi yote ile wakijua hakuna atakayewaita mbele ya watu. Mimi ningeweza?

Jioni nimemkuta Baba ameulaza ubao wangu juu ya meza, randa mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hii chaki yako bado una kazi nayo?"

"Hapana. Wamemaliza."

Akapiga randa. Klabu zote zikaanguka chini pamoja na maranda, ya juu na ya mkiani. Nilidhani anatengeneza sanduku la vyombo vya safari. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Uvungu wa vitanda vya bweni una kimo gani? Sanduku likizidi halitaingia."

Sikujua. Sijawahi kuingia bwenini.

Sikumwuliza kama amepata jibu. Hajapata. Angelipata, angemwambia Bibi, na Mtendeni nzima ingekwisha kujua.

Jumatatu kabla ya kengele nitabisha mlango wa Mwalimu Mkuu, nimwamkie, nimwulize mwenyewe. Akisema tena tutaona, nitamwomba ruhusa nipime uvungu wa kitanda kimoja tu.

Futi ya Baba nimeshaitia mkobani.