Kimo cha Meza ya Samaki wa Esha

Jumamosi, 5 Julai. Nachingwea

Kimo cha meza ya tangi la samaki ni umbali wa wima kutoka sakafuni hadi uso wa ubao unaobeba kioo. Si hadi ukingo wa juu wa kioo, kama alivyosisitiza muuza vioo pale sokoni. Sikubishana naye. Lakini hata kipimo hicho hutawaliwa na kingine: jicho la mtazamaji. Katikati ya maji pawe sawa na jicho. Jicho likiwa juu zaidi, mtu huona migongo ya samaki. Likiwa chini zaidi, huona ubao.

Mtazamaji ni mke wangu, Esha. Hayupo. Alivunjika kifundo cha mguu wakati wa kuvuna ufuta, na tangu hapo yuko kwa kaka yake, Nandagala, huko Ruangwa.

Asubuhi nzima nimepiga randa miguu minne ya mninga. Viganja vinawaka. Nyumba kimya.

Jumapili, 6 Julai

Saidi, kaka yake, alikuja na gari la kukodi siku ileile Esha alipofungwa plasta. Hakuomba. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu na kusema, "Mwalimu, huyu ni wetu kwanza."

Kwa desturi yetu yu sahihi. Ukoo ni wa mama, na mwanamke akiugua huuguzwa kwao. Mimi mwenyewe nilimchukua dada yangu hivyohivyo kutoka kwa mumewe, na sijutii. Kulijua hilo hakupunguzi chuki yangu hata chembe.

Tangi lilianzia hospitali. Mapokezini palikuwa na samaki. Esha aliwatazama muda wote tuliongoja, na mguu umevimba vile. Nilimuuliza kinachompendeza ni nini. Akajibu, "Hawaulizi kitu." Nilidhani anatania.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata kipimo bila yeye kuwapo. Juu ya kiti chake cha sebuleni, ukutani, pana doa la mafuta ya nywele pale anapoegemeza kisogo. Kisogo na jicho havipishani sana. Doa liko sentimita mia moja na kumi na mbili kutoka sakafuni. Nikiondoa nusu ya kina cha tangi, ubao unakuwa tisini.

Tisini, basi. Nimeridhika na njia hii. Ukuta hausahau wala haupendelei.

Ijumaa, 11 Julai

Meza imesimama. Tangi likijaa litakuwa na uzito wa mifuko mitatu ya saruji, kwa hiyo nimefunga viunzi vya mshazari pande tatu. Pimamaji inasema sawa. Nimeikalia meza. Haikulia.

Kesho naenda Ruangwa kumwambia arudi. Si kumwomba.

Jumamosi, 12 Julai. Ruangwa, kisha nyumbani

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakina utaratibu.

Nilimkuta uani, ameketi juu ya mkeka, mguu umenyooshwa mbele, mgongo umeegemea ukuta wa jiko. Anamenya mbaazi. Wifi yake, mke wa Saidi, yuko pembeni. Wanacheka. Nilisimama nje ya ua kwa muda. Kicheko kile sikukitambua. Nilidhani kuna mgeni.

Nikabisha hodi. Kikakoma.

Nililetewa kiti. Kilikuwa kimoja tu. Esha akaanza kujiinua, anashika ukuta, anatafuta kigoda. Wifi yake akamshika bega, bila hata kunitazama: "Kaa, mwenzangu. Hapa siyo Nachingwea."

Nikaeleza kuhusu meza. Mninga, viunzi, kimo. Wifi akauliza hao samaki wanatazamwa na watu wa kitini peke yao, au hata sisi wa mkekani tunaruhusiwa. Saidi, aliyekuwa akishona gunia, akacheka hadi akakohoa. Ni mashemeji zangu, wana haki ya kunitania. Nilicheka pia. Kicheko changu kilikuwa kibaya na kila mtu alikisikia.

Nilipotaja kurudi nyumbani, Saidi alisema habari hiyo itazungumzwa baada ya msimu wa korosho. Ndiyo kwanza mikorosho inachanua. Esha aliendelea kumenya mbaazi.

Nilipoinuka alinisindikiza kwa gongo hadi mwisho wa ua. Aliniuliza meza ina kimo gani hasa. Nikamwambia, na nikamwambia nilivyokipata, kwa fahari kidogo. Akaliegemea gongo. Kisha: "Kile kiti nilikuwa nakikalia ukiwapo, Mwalimu. Ukitoka, narudi chini kwangu."

Miaka yote hii ananiita Mwalimu. Leo ndiyo nimelisikia.

Jumapili, 13 Julai

Nina hasira. Si na Saidi.

Kama hakukitaka kiti, angesema. Sikumkataza mkeka. Nilisema mara moja tu, tulipohamia hapa, kwamba mke wa mwalimu asikutwe na wageni ameketi chini. Mara moja. Adabu inayoficha ukweli muda wote huo ni aina ya uongo, nami ndiye niliyedanganywa.

Nimeisoma tena aya hiyo. Mantiki yake ni sahihi. Hainisaidii.

Jumatano, 16 Julai

Nimelitafuta na nimeliona. Nyuma ya mlango wa uani. Mlango ukiwa wazi hulifunika, na mimi huupita ukiwa wazi. Leo niliufunga.

Doa jingine. Lile la sebuleni ni hafifu. Hili ni jeusi, linang'aa, pana kama sahani. Sentimita sitini na nane kutoka sakafuni.

Kwa meza ya tisini, mtu wa mkekani angeona upande wa chini wa ubao. Nilitaka kumpa mke wangu samaki. Ningempa tumbo la mninga.

Nilifikiria wastani. Nikauacha. Wastani ni kimo ambacho hakuna jicho linalokaa hapo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeikata miguu. Ubao uko arobaini na sita. Vipande vinne vya mninga nimevitupa jikoni, vitafaa kuni. Msumeno ulinikwaruza kidole. Kilistahili.

Kutoka kitini sasa naona migongo tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Maji yametulia. Vifaranga wa perege kumi na wawili, wa kijivu, wa kawaida kabisa.

Saidi alipiga simu jana. Plasta imetolewa. Akasema dada yake atakuja wiki ijayo kuwatazama hao samaki. Sikuuliza kama ni kutazama na kuondoka. Nilitaka kuuliza, nikakumbuka jibu lake la mapokezini.

Alasiri nimetandika mkeka mbele ya tangi na kuketi chini. Magoti yamegoma, kisha yakakubali. Perege mmoja alikuja kwenye kioo, akanitazama usoni, akaenda zake. Kimo ni sahihi. Hilo halina ubishi tena.

Kilichobaki hakipimiki kwa futi wala kwa madoa. Atakapoingia na kunikuta nipo, ataketi wapi?